Moyo Unaotetemeka: Namna Watu Walivyopata Kuujua Ugonjwa wa Vyumba vya Juu vya Moyo



Katika parokia zetu wako watu wanaosema: «Moyo wangu unarukaruka.» Moyo unakimbia, unasimama kidogo, kisha unakimbia tena. Wanachoka upesi wakipanda mlima wa kwenda shambani. Usiku wanakosa pumzi. Mambo hayo huendelea miezi au miaka, na watu wa nyumbani hawayafikirii sana. Halafu asubuhi moja mtu yule anaamka na mdomo uliopinda upande mmoja. Mkono hauinuki, maneno hayatoki vizuri. Ndipo jamaa wanakutana na kuulizana: «Ni nani aliyemloga? Jana alikula kwa nani?» Na mara nyingi jina linalotajwa ni la bibi kizee asiye na mtetezi.

Nataka kuwaelezeni historia ya ugonjwa huo. Kwa muda wa karibu miaka 400 watu wa nchi nyingi wameufuata polepole, kama mwindaji anavyofuata nyayo za mnyama asiyemwona. Mmoja aliona unyayo, mwingine aliona jani lililokanyagwa, na mwisho mnyama mwenyewe akaonekana. Tukiijua historia hii, tutajua pia la kufanya mtu wetu akipatwa.

Moyo ulivyoumbwa

Moyo wa mtu unalingana karibu na ngumi yake. Ndani yake mna vyumba vinne: viwili vya juu na viwili vya chini. Vya juu hupokea damu. Kile cha kuume hupokea damu inayorudi kutoka mwilini, na kile cha kushoto hupokea damu inayotoka mapafuni. Vyumba hivyo vinaisukuma damu mpaka vyumba vya chini, vyenye kuta nene, navyo vinaitupa kwa nguvu: cha kuume mapafuni, cha kushoto mwilini mzima. Kati ya chumba cha juu na cha chini kuna kilango kinachofunguka na kufungika, ili damu isirudi nyuma. Andreas Vesalius, mganga aliyezaliwa Brussels mwaka wa 1514, alikilinganisha kilango cha upande wa kushoto na kofia ya askofu, yaani mitra. Mpaka leo waganga wanakiita kilango cha mitra. Tulishike jina hilo, tutalihitaji mbele.

Sasa ni nani anayeuamuru moyo kupiga? Juu kabisa, katika chumba cha juu cha kuume, pana kipande kidogo cha nyama kinachotoa amri kwa umeme mdogo sana. Mtu mzima akipumzika, amri hiyo hutoka mara 60 mpaka 100 kwa dakika. Inapita katika vyumba vya juu, inafika katika kituo kilichopo katikati, inangoja kidogo, ndipo inashuka vyumba vya chini. Ni kama ngoma kanisani siku ya sikukuu: mpigaji mmoja anaongoza, wenziwe wanamfuata, na watu wote wanacheza hatua moja.

Katika ugonjwa tunaousimulia, yule mpigaji mkubwa hasikiki tena. Kila sehemu ya kuta za vyumba vya juu inapiga ngoma yake yenyewe, mara 350 mpaka 600 kwa dakika. Kwa hiyo vyumba vile havijikunji tena kusukuma damu. Vinatetemeka tu, kama nyama ya mnyama aliyechinjwa sasa hivi. Kituo cha katikati kinapokea fujo hilo lote, kinapitisha amri hii, kinaiacha ile, bila mpango. Ndiyo sababu vyumba vya chini navyo vinapiga upesi na bila kufuatana. Waganga wanauita ugonjwa huo fibrilasio, kutoka neno la Kilatini lenye maana ya uzi, kwa maana kila uzi mdogo wa nyama ya moyo unatikisika peke yake.

Ugonjwa huo una ndugu yake, jina lake fluta. Katika fluta amri haitawanyiki ovyo. Inazunguka katika duara, karibu mara 300 kwa dakika, na kituo cha katikati mara nyingi kinapitisha moja katika kila mbili. Waganga wawili wa Edinburgh, Jolly na Ritchie, waliutofautisha na fibrilasio mwaka wa 1911. Mtu aweza kuwa na mmoja leo na mwingine kesho.

Haya tumeyasema kwa mistari michache. Lakini kuyapata kulichukua maisha ya watu wengi.

Wale walioona kwanza

Tangu zamani waganga walijua kushika mshipa wa mkono na kuhesabu mapigo. Galeno, mganga Mgiriki aliyeishi miaka ya 100 na kitu baada ya Kristu, aliandika vitabu vingi juu ya mapigo ya namna zote. Lakini yeye hakuuhesabu moyo kuwa nyama kama nyama nyingine za mwili, na kwa muda wa miaka zaidi ya 1,000 watu walimfuata. Waliona ya kuwa moyo ni jiko la joto la mwili.

Mwaka wa 1628, Mwingereza William Harvey alitoa kitabu kidogo kilichogeuza mambo. Alionyesha ya kuwa damu inazunguka: inatoka moyoni, inapita mwilini, inarudi moyoni. Ili kupata kujua, alifungua wanyama wengi na kuangalia mioyo yao. Aliona ya kuwa mnyama akifa, vyumba vya moyo havinyamazi pamoja. Chumba cha juu cha kuume ndicho cha mwisho, na kabla ya kunyamaza kinabaki na mwendo mdogo, kama kutikisika. Pengine huo ndio unyayo wa kwanza wa ugonjwa wetu. Harvey aliuona, akauandika, akaendelea na kazi yake.

Baada yake akaja kijana wa Copenhagen, Niels Steensen, ambaye kwa Kilatini anaitwa Nicolaus Steno. Alizaliwa mwaka wa 1638 katika jamaa ya Kiprotestanti. Alisoma uganga huko Leiden, katika Uholanzi. Mwaka wa 1664 alitangaza jambo ambalo wakubwa wa uganga hawakulitazamia: moyo ni musuli, yaani nyama yenye nyuzi zinazojikunja kama zile za mkono na mguu. Hakuna jiko la moto ndani yake. Bila neno hilo, hakuna mtu ambaye angeweza kufikiri habari za nyuzi zinazotetemeka. Steno huyo aliingia Eklezya Katolika huko Florence mwaka wa 1667, akawa padri mwaka wa 1675 na askofu mwaka wa 1677. Alikufa maskini kabisa huko Schwerin mwaka wa 1686, na Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza mwenye heri tarehe 23 Oktoba 1988. Wanaosema ya kuwa imani na akili ni maadui, wamtazame mwenye heri huyu.

Mwaka wa 1749 Mfaransa Jean-Baptiste de Sénac, aliyekuja kuwa mganga wa mfalme Louis XV, aliandika kitabu kikubwa juu ya moyo. Aliona ya kuwa watu wenye mapigo yasiyofuatana, mara nyingi wana ubovu katika kile kilango cha mitra. Mwaka wa 1827 Robert Adams wa Dublin aliona vivyo hivyo. Kati yao Mkatoliki hodari wa Bretagne, René Laennec, alitengeneza mwaka wa 1816 chombo cha kusikiliza kifua. Alianza kwa kukunja karatasi tu, akaweka upande mmoja kifuani mwa mgonjwa na upande mwingine sikioni mwake. Tangu hapo waganga waliweza kusikia moyo unavyokwenda. Lakini kusikia fujo si kujua fujo linatoka chumba gani.

Gome la mti na jani la ua

Kabla watu hawajaujua ugonjwa, walikuwa wamekwisha kupata dawa mbili zinazougusa. Zote mbili zilitoka katika mimea.

Ya kwanza ni gome la kinkina. Mti huo ni wa milima ya Peru na nchi za jirani, Amerika ya Kusini. Katika karne ya 17 Wayezuiti walileta gome lake Roma kwa ajili ya homa za malaria, na Kardinali Juan de Lugo, Myezuiti wa Hispania, alilitoa bure kwa wagonjwa maskini wa mji ule. Watu wakaliita gome la Wayezuiti. Sisi watu wa Kivu tunaujua mti huo, kwa maana ulipandwa katika milima yetu wakati wa Wabelgiji, na katika gome lake hutoka kinini. Basi de Sénac aliwapa gome hilo watu wenye moyo unaorukaruka, akaona ya kuwa wengine walitulia. Hakujua kwa nini. Baada yake jambo lile likasahauliwa.

Dawa ya pili inatoka katika ua lenye rangi ya zambarau liotalo Ulaya, jina lake dijitali. Mwaka wa 1775 mganga Mwingereza William Withering aliulizwa juu ya dawa ya siri ya bibi kizee mmoja wa jimbo la Shropshire, aliyeponya watu waliovimba miguu na tumbo. Dawa ile ilikuwa na majani ya namna 20 au zaidi. Withering hakumcheka bibi yule, wala hakuiamini dawa yake ovyo. Alichunguza majani, akatambua ya kuwa nguvu ilikuwa katika dijitali tu. Kisha kwa miaka kumi aliijaribu na kuandika kila mgonjwa: aliyepona na aliyekufa, aliyepewa kidogo na aliyezidishiwa. Mwaka wa 1785 alitoa kitabu chake. Alionya ya kuwa kipimo kikipita kidogo, dawa inakuwa sumu.

Tuangalie vizuri njia ya Withering. Katika nchi yetu pia kuna wazee wanaojua majani yenye nguvu. Lakini nguvu bila kipimo yaweza kuua, na dawa isiyoandikwa haimfundishi mtu wa pili.

Mganga wa mji mdogo

Ufunguo wa mlango haukupatikana katika chuo kikubwa. Ulipatikana na mganga wa watu wa kawaida. James Mackenzie, mtoto wa mkulima wa Scotland, alizaliwa mwaka wa 1853. Tangu mwaka wa 1879 alifanya kazi Burnley, mji wa Uingereza wenye wafumaji wa nguo na wachimba makaa. Mwanamke kijana mwenye ugonjwa wa moyo alimfia katika kuzaa. Mackenzie alijiuliza: «Ningejua kuutambua moyo wenye hatari na usio na hatari, je, nisingalimwonya mapema?» Swali hilo halikumwacha tena.

Aliona ya kuwa kando ya shingo kuna mshipa unaofuata mwendo wa chumba cha juu cha kuume, na katika kifundo cha mkono kuna mshipa unaofuata vyumba vya chini. Ukiandika yote miwili pamoja, utajua kila chumba kinafanya nini. Kwa hiyo alitengeneza mashine yenye kalamu mbili zinazoandika mistari juu ya karatasi moja. Fundi wa saa wa Padiham, karibu na Burnley, ndiye aliyemsaidia kuitengeneza vizuri. Mackenzie aliichukua mashine hiyo katika nyumba za wagonjwa wake, na mtu yule yule alimwandika mwaka hata mwaka.

Kati yao alikuwamo mwanamke mwenye kilango cha mitra kilichokuwa chembamba. Kwa miaka mingi mstari wa shingo yake ulionyesha wimbi dogo la chumba cha juu. Mwaka wa 1898 mapigo yake yalivurugika, na siku ile ile wimbi lile likatoweka. Mackenzie akafahamu ya kuwa ubaya umo katika vyumba vya juu. Alidhani vimepooza. Alikuwa amefika mlangoni, akaona chumba kimenyamaza. Hakujua bado ya kuwa ndani yake mna nyuzi zinazotetemeka.

Waliojua kutetemeka walikuwa watu wengine. Mwaka wa 1874 Mfaransa Vulpian alikuwa ameeleza kutetemeka kwa moyo wa mbwa aliyeguswa na umeme. Mwaka wa 1887 MacWilliam wa Aberdeen alieleza ya kuwa vyumba vya juu vyaweza kutetemeka hivyo huku vya chini vinaendelea na kazi. Lakini wengi walidhani hayo ni mambo ya mbwa mezani mwa wataalamu, si ya mtu kitandani. Mwaka wa 1907 Arthur Cushny na Charles Edmunds walilinganisha mistari ya mbwa wa namna hiyo na mistari ya mwanamke mgonjwa. Ilifanana. Wakauliza: je, si ugonjwa mmoja?

Mashine ya Leiden na farasi wa London

Jibu lilitoka Leiden, mji ule ule alimosoma Steno. Willem Einthoven, Mholanzi aliyezaliwa Java mwaka wa 1860, alitengeneza mwanzoni mwa karne ya 20 mashine ya kuandika umeme wa moyo. Ndani yake kulikuwa na uzi wa kwarsi mwembamba mno uliopakwa fedha, ukining'inia kati ya sumaku kubwa. Umeme wa moyo ulipopita, uzi ulicheza, na kivuli chake kikaandikwa. Mashine ile ilikuwa na uzito wa kilo 270 hivi, na watu watano walihitajiwa kuiongoza. Kwa kuwa haikuweza kupelekwa hospitali, Einthoven alivuta waya wa kilometa moja na nusu kutoka kwa wagonjwa mpaka kwake. Mwaka wa 1924 alipewa tuzo la Nobel.

Wakati huo huo watu walipata kujua njia za amri. Mwaka wa 1906 Mjapani Sunao Tawara, aliyekuwa akifanya kazi Marburg katika Ujerumani, alieleza kile kituo cha katikati. Mwaka wa 1907 Waingereza Arthur Keith na Martin Flack walieleza yule mpigaji mkubwa wa ngoma, aliye katika chumba cha juu cha kuume. Flack alikuwa bado mwanafunzi, na mara ya kwanza alimwona katika moyo wa mnyama mdogo kabisa, fuko achimbaye mashimo shambani.

Basi mwaka wa 1909 Rothberger na Winterberg huko Vienna, na Thomas Lewis huko London, walithibitisha, kila mmoja upande wake, ya kuwa watu wenye mapigo yaliyovurugika siku zote wana fibrilasio ya vyumba vya juu. Lewis hakutosheka na karatasi. Aliwatafuta farasi wenye mapigo ya namna hiyo, akaona kwa macho yake vyumba vya juu vya moyo wa farasi vikitetemeka. Mnyama aliyefuatwa tangu siku za Harvey alikuwa ameonekana.

Mholanzi na kinini

Mwaka wa 1912 mfanyabiashara mmoja Mholanzi alikwenda kwa mwananchi mwenziwe, mganga maarufu Karel Wenckebach. Alisema ya kuwa katika biashara yake anapenda mambo yawe sawasawa, na katika moyo wake pia anataka hivyo. Wenckebach alipima, akakuta fibrilasio, akamwambia hana namna ya kuiondoa. Yule bwana akajibu: «Mimi naiweza. Ukitaka nitarudi kesho na mapigo yaliyo sawa.» Wenckebach hakusadiki. Kesho yake bwana yule alirudi, na mapigo yalikuwa sawasawa! Alikuwa amemeza gramu moja ya kinini. Alikuwa ameitumia kwa ajili ya malaria, akaona mwenyewe ya kuwa moyo wake unatulia.

Wenckebach alikubali kufundishwa na mgonjwa wake. Alijaribu, akaona ya kuwa kinini inafaulu kwa wachache tu. Mwaka wa 1918 Walter Frey alionyesha ya kuwa ndugu ya kinini, aitwaye kinidini, anayetoka katika gome lile lile, ana nguvu zaidi. Hivyo gome la Wayezuiti lilirudi katika kazi aliyoianza de Sénac.

Hapa lazima niwaonye, ndugu zangu. Mtu asisome habari hii na kwenda dukani kununua kinini kwa ajili ya moyo wake. Kinidini yenyewe imeachwa karibu kila mahali, kwa sababu yaweza kuufanya moyo kusimama ghafula. Leo kuna dawa nyingine, na kila moja inatolewa na mganga aliyempima mtu.

Hatari iliyofichika: damu iliyoganda

Tumefika sehemu inayotuhusu kuliko zote. Maji yanayokwenda ni safi, maji yanayosimama yanafanya ukoko. Damu vilevile: chumba cha juu kinachotetemeka hakisukumi damu vizuri, na damu inayokawia pembeni yaweza kuganda. Bonge dogo likikatika, linachukuliwa na damu mpaka kichwani na kuziba mshipa wa ubongo. Sehemu ile ya ubongo inakosa damu, na mtu anapooza upande mmoja. Hicho ndicho kiharusi. Mtu aliyelala mzima akaamka amepooza hakulogwa usiku; yaweza kuwa bonge lilitoka moyoni mwake.

Tangu mwaka wa 1948 wataalamu wa Marekani waliwafuata watu zaidi ya 5,000 wa mji wa Framingham, mwaka kwa mwaka, kama Mackenzie alivyowafuata watu wake wa Burnley. Mwaka wa 1978 walitangaza ya kuwa mwenye fibrilasio, hata bila ubovu wa kilango, ana hatari ya kiharusi mara tano kuliko mwingine. Mwenye fibrilasio pamoja na ubovu wa kilango cha mitra ana hatari mara 17.

Dawa ya kuzuia bonge hilo ilitoka kwa ng'ombe. Katika miaka ya 1920, huko Kanada na Marekani ya kaskazini, ng'ombe waliokula majani ya meliloti yaliyooza walitokwa damu mpaka kufa. Mwezi wa Februari 1933 mkulima mmoja wa Wisconsin alisafiri karibu kilometa 300 katika dhoruba ya theluji, akiwa na ng'ombe aliyekufa na ndoo ya damu isiyotaka kuganda. Alifika kwa mtaalamu Karl Paul Link. Link na wasaidizi wake walitafuta miaka sita, na mwaka wa 1939 walikipata kitu kile katika majani. Kutoka hapo wakatengeneza warfarini. Mwaka wa 1948 iliuzwa kuwa sumu ya panya. Tangu mwaka wa 1954 ni dawa ya watu, na mwaka wa 1955 Rais Eisenhower wa Marekani alipewa. Kuanzia mwaka wa 1989 majaribio makubwa yalionyesha ya kuwa, kwa wenye fibrilasio, warfarini inazuia karibu viharusi viwili katika kila vitatu.

Mambo mengine nayataja upesi. Mwaka wa 1962 Bernard Lown wa Boston alieleza namna ya kuurudisha moyo katika mpango kwa pigo moja la umeme lililopimwa barabara, mgonjwa akiwa amelazwa usingizi. Mwaka wa 1998 Michel Haïssaguerre na wenziwe wa Bordeaux walionyesha ya kuwa mara nyingi cheche inayowasha fibrilasio inatoka katika mishipa iletayo damu kutoka mapafuni. Tangu hapo waganga wa hospitali kubwa wanaweza kupitisha waya mwembamba mpaka moyoni na kuizima njia ya cheche hizo.

Sisi na watoto wetu

Huko Ulaya na Amerika ugonjwa huu ni zaidi wa wazee na wa wenye damu inayopanda. Kwetu pia wazee wanaupata, na pombe nyingi inauchochea. Lakini Afrika unawashika hata vijana, na mlango wake ni koo la mtoto. Mtoto anaumwa koo kwa vijidudu vinavyoitwa streptokoki. Asipotibiwa, mwili unaopigana na vijidudu waweza kukosea na kujipiga wenyewe: viungo vinauma na kuvimba, na vilango vya moyo vinajeruhiwa. Ndiyo homa ya rimatisimu. Kovu linakifanya kilango cha mitra kuwa chembamba, chumba cha juu cha kushoto kinavimba kwa damu isiyopita, mwisho kinatetemeka. Miaka kumi au ishirini yaweza kupita kati ya koo la mtoto na kiharusi cha mama kijana. Wataalamu walipowaandika wagonjwa 3,343 wa moyo wa rimatisimu katika nchi 14, nyingi zao za Afrika, walikuta ya kuwa nusu yao walikuwa na miaka 28 au chini yake, wanawake wakiwa wengi. Mmoja katika watano alikuwa na fibrilasio. Habari hizo zilitolewa mwaka wa 2015.

Basi tufanye nini?

Kwanza, mtoto akiwa na homa na koo linalouma, tumpeleke kituo cha afya. Penisilini yaweza kuulinda moyo wake. Na mtoto aliyekwisha pata homa ya rimatisimu, asikose sindano yake ya kila majuma matatu au manne, hata akionekana mzima.

Pili, tujifunze kushika mshipa. Tuweke vidole viwili katika kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, tuhesabu dakika nzima. Yakiwa mapigo yanakimbia bila mpango, kama mvua ya kwanza juu ya mabati, tumpeleke mtu kwa mganga kabla ya kiharusi.

Tatu, aliyepewa warfarini aifuate sana. Damu yake ipimwe mara kwa mara, maana ikipungua haisaidii, ikizidi anatokwa damu. Majani kama sombe na lengalenga yana vitamini inayopunguza nguvu yake. Asiache kuyala, ayale kwa kipimo kile kile kila juma. Dawa za kienyeji na dawa nyingine za dukani asizichanganye bila kuuliza. Mama mwenye mimba, au anayeitazamia, amwambie mganga mapema, kwa maana warfarini yaweza kumdhuru mtoto tumboni. Sasa ziko dawa mpya zisizohitaji kupimwa damu kila mara, lakini mwaka wa 2022 ilionekana ya kuwa kwa wenye moyo wa rimatisimu dawa za zamani, yaani warfarini na jamaa zake, ndizo zinazowalinda vizuri zaidi.

Nne, mtu akipinda mdomo au mkono ukifa ghafula, apelekwe hospitali saa ile ile. Mkutano wa jamaa wa kumtafuta mchawi unamwibia saa zake za kupona.

Na tano, tusimtaje mtu. Tumeona ni wangapi waliohitajiwa kuupata ukweli huu: askofu mtakatifu na mfanyabiashara, bibi wa majani na fundi wa saa, mkulima mwenye ng'ombe aliyekufa. Hakuna hata mmoja wao aliyeupata kwa kumshitaki jirani. Waliangalia, walipima, waliandika, na waliposahihishwa walikubali. Anayemtaja bibi kizee kuwa mchawi hakupima kitu, na mara nyingi anaongeza kifo cha pili juu ya ugonjwa wa kwanza. Amri ya nane inatukataza kumsingizia mwenzetu, na ya tano inatukataza kumwua.

Kitabu cha Yoshua bin Sira kinatufundisha kumwomba Mungu tukiugua, na kumpa mganga nafasi yake pia, kwa maana Mungu ndiye aliyemfanya. Mambo hayo mawili yanakwenda pamoja. Tumwombee mgonjwa wetu mbele ya Moyo Mtakatifu wa Yezu, na siku ile ile tutafute machela.